Mimi ni Nani au Mimi ni Nini? Upatanisho wa Kisarufi na Shaka ya Ubinadamu katika Bunilizi za Akili Unde

Ikisiri

Bunilizi za kisayansi zinazohusu akili unde hurudia mara kwa mara tukio moja: mhusika aliyejiona binadamu tangu mwanzo anaanza kushuku kwamba huenda yeye ni mtambo. Makala haya yanachunguza namna shaka hiyo inavyobebwa na sarufi ya lugha inayoisimulia, na yanauliza inakuwaje inapoingia katika Kiswahili, lugha isiyomruhusu msimulizi kutumia vitenzi vingi vya nafsi ya tatu bila kuamua kwanza kama mtendaji ana uhai au hana. Kazi zilizosomwa ni riwaya moja na hadithi fupi moja ya Philip K. Dick, hadithi ya Stanisław Lem, na filamu mbili. Makala yanadai kwamba katika Kiswahili nafsi ya kwanza na ya pili ni hifadhi ya shaka, ilhali nafsi ya tatu hutoa hukumu. Na kwamba mfasiri anayechagua upatanisho kwa mazoea hulitegua fumbo kabla msomaji hajalifikia.

1.0 Utangulizi

Phil Resch, mhusika katika riwaya ya Philip K. Dick iitwayo *Do Androids Dream of Electric Sheep?* (1968), ni mwindaji anayelipwa kwa kila androidi anayemuua. Katikati ya riwaya inambainikia kwamba mkuu wake wa kazi, Inspekta Garland, alikuwa androidi, na kwamba kituo cha polisi alichokitumikia kilikuwa mikononi mwa androidi. Kuanzia hapo hesabu inamgeukia mwenyewe. Ikiwa waliomzunguka walikuwa mitambo, naye hakuwahi kutambua, kwa nini yeye pekee awe binadamu? Kumbukumbu za maisha yake ya nyuma hazimwokoi, kwa kuwa katika ulimwengu wa riwaya hiyo kumbukumbu hupandikizwa. Anajitetea kwa kumtaja kindi anayemfuga na kumpenda. Hatimaye anataka apimwe.

Sentensi ya kwanza ya aya iliyotangulia imekwisha kutoa hukumu. Imesema *androidi anayemuua*, haikusema *androidi anayoiua*, na kwa kiambishi kimoja cha yambwa imewaingiza viumbe wanaowindwa katika jamii ya wenye uhai. Kiingereza cha Dick hakikuwa na haja ya kufanya hivyo mahali hapo. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi alama ya kitendwa. Kingetakiwa kuchagua pale tu kiwakilishi kinapohitajika, na hata hapo mwandishi anaweza kukikwepa kwa kurudia jina. Katika Kiswahili uamuzi hutakiwa karibu katika kila kitenzi, kivumishi, kionyeshi na a-unganifu. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kusimulia habari za kiumbe ambaye haijulikani ni mtu au kitu atakuta lugha yake inamdai jibu mapema kuliko inavyomdai mwandishi wa Kiingereza.

Suala la nini humfanya mtu awe mtu si geni katika riwaya ya Kiswahili. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi zimelishughulikia kwa njia ya kifalsafa. Katama Mkangi, katika *Walenisi* (1995), aliwapeleka wasomaji katika ulimwengu mwingine ambao jina lake, likipasuliwa, linasomeka *wale ni sisi*. K. W. Wamitila aliligawa neno lenyewe kwa kistari katika kichwa cha *Bina-Adamu!* (2002). Hata hivyo, katika kazi hizo hakuna mhusika anayelala akiwa binadamu akaamka akiwa na hofu kwamba alitengenezwa kiwandani. Kwa hiyo makala haya yanazitazama kazi za nje ambamo hofu hiyo ndiyo kiini, na yanazisoma kwa jicho la sarufi ya Kiswahili. Istilahi *akili unde* inatumika hapa badala ya *akili bandia* kwa sababu moja tu: *bandia* hutangulia kusema kwamba kinachotajwa ni cha uongo. Neno hilo pia ni jina la kale la mwanasesere wa matambara, jambo ambalo lingestahili makala yake.

2.0 Mpaka wa uhai katika upatanisho

Wanaisimu wa Kiswahili wamekwisha kueleza kwa kina kwamba nomino zinazotaja viumbe wenye uhai hupatanishwa kwa viambishi vya ngeli ya M-/WA- bila kujali umbo la nomino yenyewe. *Kipofu*, *kijana* na *kifaru* zina kiambishi *ki-*, lakini husemwa *kipofu amefika*, si *kipofu kimefika*. Mfano unaofaa zaidi kwa mjadala huu ni *ndege*. Neno ni lilelile kwa mnyama mwenye mabawa na kwa chombo cha kusafiria. Kinachotofautisha ni upatanisho peke yake. *Ndege ametua* huleta picha ya tawi la mti, na *ndege imetua* huleta picha ya uwanja. Wasemaji wa Kiswahili, walipokipa chombo jina la kiumbe, hawakukipa uhai wake. Waliuacha uhai nyuma katika kiambishi.

Ukitazama mzizi wa maneno yenyewe, umbali kati ya pande hizo mbili ni mdogo mno. *Mtu* na *kitu* vinatumia mzizi mmoja, *-tu*. Mzizi huohuo unatoa *utu*. Kinachomweka mtu upande mmoja na kitu upande mwingine ni silabi moja ya mwanzo, na ndiyo ambayo bunilizi za akili unde huitikisa.

Mpaka huo una viumbe wanaoukalia. *Maiti* husikika kwa namna mbili, *maiti huyu* na *maiti hii*, kana kwamba lugha yenyewe haijaamua ni lini aliyekufa huacha kuwa mtu. *Mzimu* huchukua upatanisho wa ngeli ya *mti* kwa wasemaji wengine na wa ngeli ya *mtu* kwa wengine. *Zimwi* la ngano huweza kuwa *zimwi lilikuja* katika sentensi moja na *zimwi akasema* katika inayofuata, hasa linapoanza kuzungumza. *Kiumbe* ni *hiki* au *huyu*. Neno *roboti* limeingia moja kwa moja katika kundi hili: katika vyombo vya habari *roboti huyo* na *roboti hiyo* hukutana, wakati mwingine ndani ya taarifa moja. Kwa kawaida mtambo unaobeba mizigo huwa *hiyo*, na wenye uso na sauti huwa *huyo*.

Kusitasita huko si kwa Kiswahili peke yake. Neno lenyewe lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek, *R.U.R.*, iliyochapishwa mwaka 1920, na linatokana na neno la Kicheki *robota*, yaani kazi ya kushurutishwa. Kicheki nacho hutenganisha nomino za kiume zenye uhai na zisizo na uhai, na tofauti hiyo huonekana katika wingi: *roboti* kwa wenye uhai, *roboty* kwa vitu. Čapek aliwaita wahusika wake kwa umbo la uhai. Umbo la Kiswahili limefanana na umbo hilo kwa bahati tu, kwa sababu ya irabu ya mwisho ambayo Kiswahili huiongeza katika maneno ya kukopa. Lakini ni bahati inayostahili kukumbukwa. Tamthilia hiyo pia ina mzaha wa mapema kuhusu suala linalojadiliwa hapa. Helena, mgeni kiwandani, anamwona Sulla na kukataa katakata kuamini kwamba ni roboti. Kisha wanapoingia mameneja wa kampuni, ambao ni binadamu, anawadhania wao ndio roboti.

3.0 Nafsi ya kwanza

Sasa tofauti kubwa. Kiambishi cha nafsi ya kwanza, *ni-*, hakina ngeli. Anayesema *ninaogopa* hajaeleza kama ni mtu, mnyama, jini au mtambo. Katika ngano jiwe likipewa kinywa husema *ninaona* kama mtu anavyosema. Kwa hiyo mhusika anayejishuku, maadamu anajisemea mwenyewe, anaweza kuishi ndani ya shaka yake muda wote anaotaka bila sarufi kumkatiza.

Hali ni tofauti katika Kipolandi, na tofauti hiyo ndiyo iliyompa Stanisław Lem mojawapo ya mbinu bora katika fasihi ya aina hii. Hadithi yake *Maska* inasimuliwa na mtambo uliotengenezwa kwa sura ya mwanamke mrembo ili umwinde mtu mmoja, Arrhodes, aliyemuudhi mfalme. Katika Kipolandi kitenzi cha wakati uliopita hubeba jinsia hata katika nafsi ya kwanza. Lem anaianza hadithi kwa maumbo ya jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, maumbo ambayo msemaji wa kawaida karibu hayatumii kujitaja. Kisha msimulizi anapopata mwili na uso, vitenzi vyake vinageuka vya kike. Msomaji wa Kipolandi anaona kuzaliwa kwa mtu, au kwa kinyago cha mtu, ndani ya vitamkwa vya mwisho vya kitenzi, kabla msimulizi mwenyewe hajaelewa kinachomtokea. Baadaye, akiwa na kumbukumbu za maisha zaidi ya moja zisizopatana, anasimama mbele ya kioo na kujipasua mwili kwa kisu. Kinachotoka ndani ni cha chuma.

Mfasiri wa Kiswahili atafanya nini? *Ni-* haitamsaidia. Hapa ndipo inapoonekana kwamba hifadhi ya nafsi ya kwanza ina ufa, nao uko kwenye kijalizo. Vivumishi vinavyofuata *mimi* hupatanishwa kwa ngeli ya M-/WA- pasipo hiari: *mimi ni mzima*, *nilikuwa mtupu*, *nimekuwa mpya*. Yeyote anayesema *mimi* katika Kiswahili hupewa na kivumishi kiambishi cha mtu, awe anakistahili au hakistahili. Mfasiri wa *Maska* anaweza kukivunja kipawa hicho kwa makusudi. Sehemu ya mwanzo inaweza kusema *nilikuwa kitupu*, *nilikuwa kipya*, maumbo ambayo sikio la msemaji litayakataa mara moja, na pale msimulizi anapovikwa uso yakageuka kuwa *mtupu* na *mpya*. Kosa la kisarufi lingefanya kazi ileile ambayo jinsia adimu inafanya katika Kipolandi. Mhariri asiyeijua hadithi angelisahihisha, na kwa kusahihisha angeiua.

Ufa wa pili uko kwenye neno la kuulizia. *Mimi ni nani?* na *mimi ni nini?* ni maswali mawili tofauti kabisa. La kwanza ni la aliyepotewa na jina, nasaba au hadhi. Limeulizwa katika mashairi ya kidini na katika riwaya za utambulisho. La pili huulizwa na aliyepotewa na ngeli. Katika hadithi ya Dick ya mwaka 1953, *Impostor*, Spence Olham anashutumiwa kuwa ni roboti la adui lililobeba bomu na kuvishwa sura na kumbukumbu za Olham wa kweli. Muda wote wa hadithi anakimbia na kujitetea, na swali lake ni la *nani*: yeye ni Olham, na atalithibitisha hilo. Mwishoni anafika mahali chombo cha adui kilipoangukia na kuikuta maiti. Ni maiti ya Olham. Anaanza kusema kwamba ikiwa yule ni Olham, basi yeye lazima awe ..., na kabla hajalitamka neno la kukamilisha, bomu linalipuka, kwa kuwa kauli hiyo ndiyo iliyotegewa kulilipua. Kisarufi, kinacholipuka ni kijalizo. Olham anaweza kusema *mimi* na anaweza kusema *ni*. Jina la ngeli yake halitamkiki.

4.0 Nafsi ya pili na nafsi ya tatu: chumba cha kipimo

Kipimo katika riwaya ya Dick kinaitwa Voigt-Kampff. Anayepimwa husomewa maswali kuhusu mateso, hasa ya wanyama, huku vyombo vikipima mwitiko wa jicho na wa ngozi ya uso. Kinachotafutwa ni kuguswa: uwezo wa kuumizwa na maumivu ya mwingine, ambao inadaiwa androidi hana. Mazungumzo ya chumba hicho ni ya *ni-* na *u-*. Kiambishi cha nafsi ya pili nacho hakina ngeli. Anayepima na anayepimwa wanakaa uso kwa uso, na maadamu wanasemezana, Kiswahili kisingekuwa na cha kuwatenganisha.

Hukumu hutolewa katika nafsi ya tatu, na mara nyingi mhukumiwa akiwa hayupo. Filamu ya Ridley Scott iliyotokana na riwaya hiyo, *Blade Runner* (1982), imelipanga jambo hili waziwazi. Rachael anamaliza kupimwa, anatolewa chumbani, kisha Deckard na mtengenezaji, Tyrell, wanabaki kumzungumzia. Deckard anaanza kwa kiwakilishi cha Kiingereza kinachotumika kwa mwanamke. Anapoambiwa kwamba Rachael hajui, ila ameanza kujishuku, anageuza kiwakilishi na kutumia kile cha vitu, akishangaa itawezekanaje kitu kisijijue. Kwa Kiswahili mgeuko huo ungetokea ndani ya vitenzi viwili vinavyofuatana, *anashuku* na *inawezaje*, na ungeonekana vizuri kuliko katika Kiingereza kwa kuwa ungekaa mwanzoni kabisa mwa neno. Cha kuzingatia ni wakati mgeuko unapotokea. Rachael anapokwa ngeli ya mtu palepale inapotajwa kwamba anajishuku, ingawa kujishuku ni jambo ambalo hakuna mashine iliyopata kusifiwa nalo.

Riwaya nayo ina tukio la kuzingatia. Mwimbaji wa opera, Luba Luft, akiwa ndiye anayepimwa, anamrudishia Deckard swali: je, yeye amewahi kupimwa? Huenda yeye ndiye androidi, na kumbukumbu zake ni za kupandikizwa. Kwa *u-* hiyo moja kipimo kinageuka upande. Kinachompata Deckard baadaye, yeye na Resch, kimetokana na swali hilo la mwanamke waliyekuja kumuua. Itakumbukwa pia kwamba pendekezo la Alan Turing la mwaka 1950, ambalo ndilo chimbuko la vipimo hivi vyote vya kubuni, lilianza na mchezo ambamo mhoji alipaswa kubaini kwa maandishi tu nani kati ya wawili ni mwanamume na nani ni mwanamke. Mashine iliingizwa baadaye kuchukua nafasi ya mmoja wao. Mchezo huo umekaa juu ya nafsi ya pili, na mhoji aliye nje ya chumba haonwi na yeyote wala haulizwi chochote. Luba Luft anamuuliza.

Filamu *Ex Machina* (2014) ya Alex Garland inaufuata mkondo huohuo kwa kimya. Caleb ameitwa kumpima Ava, roboti mwenye uso wa kike. Baada ya kugundua kwamba mtu mwingine aliyemwona nyumbani humo ni roboti aliyevishwa ngozi, anaingia bafuni, anajitazama katika kioo na kujichanja mkono kwa wembe ili aone kilichomo. Damu inatoka. Caleb hasemi neno, na damu hiyo haimtulizi hata kidogo, kwa sababu mtengenezaji anayeweza kutengeneza ngozi anaweza kutengeneza damu pia. Riwaya ya Dick imelieleza tatizo hili bila kioo wala wembe: kipimo kinachotegemewa kabisa ni cha uboho, na wawindaji hukitumia kuthibitisha baada ya kuua. Uhakika hupatikana kwa maiti, na bado Kiswahili hakijaamua kama maiti ni *huyu* au *hii*.

5.0 Kipimo cha utu kilichotumiwa kupima nasaba

Resch anapimwa. Matokeo: ni binadamu. Huo ndio ubaya wake. Deckard alikuwa ametamani kipimo kionyeshe vinginevyo, kwa sababu amemwona Resch akimuua Luba Luft kwa wepesi uliompa kinyaa. Angekuwa androidi, ukatili ule ungepata maelezo. Kwa kuwa si androidi, Deckard anajipima mwenyewe, na sindano inaonyesha kwamba yeye huguswa na androidi, hasa wa kike. Kwa kazi yake, hilo ni kasoro.

Kiingereza kina neno moja la kubebea mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha tangu zamani. *Ubinadamu* ni habari ya asili: kuwa mwana wa Adamu, kuzaliwa na waliozaliwa. *Utu* ni habari ya mwenendo. Mtu anaweza kuwa na la kwanza akakosa la pili, na Waswahili husema hivyo kila siku bila kuona ajabu: *hana utu yule*, *huyu si mtu*. Ukisoma riwaya ya Dick kwa maneno haya mawili, kosa la Voigt-Kampff linaonekana papo hapo. Ni kipimo cha utu kinachotumiwa kutolea hati ya ubinadamu. Riwaya yenyewe inajua hivyo. Mkuu wa Deckard anamweleza mapema kwamba madaktari wa akili wa Leningrad wametoa tahadhari: wapo binadamu wachache, wagonjwa, ambao wangeshindwa kipimo hicho, na wakishindwa mwindaji angewaua kihalali. Upande wa pili yuko John Isidore, binadamu ambaye sheria imemshusha daraja kwa kuwa akili yake imedhoofishwa na vumbi la vita, naye ndiye anayeumia zaidi ya wote Pris anapomkata buibui miguu mmoja baada ya mwingine ili kuona kama atatembea kwa iliyobaki.

Dick alieleza baadaye chimbuko la androidi wake. Alipokuwa akifanya utafiti kwa ajili ya riwaya nyingine alisoma shajara za maofisa wa SS waliokuwa Polandi, na mmoja wao alilalamika kwamba usiku analala vibaya kwa sababu ya vilio vya watoto wenye njaa. Androidi kwa Dick ni jina la mwandishi wa shajara ile. Katika hotuba yake *The Android and the Human* ya mwaka 1972 alirudia kwamba tofauti anayoijali iko katika mwenendo. Kwa msomaji wa Kiswahili dai hilo halihitaji hotuba. Linalohitaji kutazamwa ni sarufi ya kauli zetu wenyewe. Katika *huyu si mtu*, *huyu* anakanusha kinachosemwa: kionyeshi cha ngeli ya mtu kimekwisha kumpokea yule ambaye kijalizo kinamfukuza. Msemaji mwenye hasira anaweza kwenda mbali zaidi na kusema *jitu hili limeua*, na hapo upatanisho wa ukubwa na dharau unafanya kile ambacho *si mtu* haikukifanya. Lakini hata *jitu* halipelekwi katika ngeli ya kompyuta. Lugha inamtukana huku ikimweka karibu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba upatanisho ni mlinzi wa haki. Neno *mtumwa* ni la M-/WA- lote zima, na vitenzi vyake vyote ni vya *a-*. Hilo halikuwazuia wamiliki wa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 kumhesabu mtumwa pamoja na mali. Čapek aliiona njia hiyohiyo kutoka upande wa pili: alichukua neno la kazi ya kushurutishwa akalifanya jina la kiumbe, kisha tamthilia nzima ikamhoji msikilizaji ni nani aliyeshurutishwa. Kiambishi humtambua aliye hai. Hakiwalazimishi wanaokitamka.

6.0 Kazi ya mfasiri

Kichwa cha riwaya ya Dick kinafaa kuwa zoezi la kwanza. *Je, Androidi Huota Kondoo wa Umeme?* Kwa upande wa androidi, kiambishi cha mazoea *hu-* kinaokoa kila kitu, kwa kuwa nacho hakipatanishwi na ngeli: *mtoto huota* na *mti huota* zimekaa sawasawa, na katika mfano huu hata maana mbili za *kuota* zimesimama ubavu kwa ubavu. Swali linaulizwa bila kujibiwa. Kwa upande wa kondoo hakuna mwanya. *Kondoo wa umeme* ni mnyama ambaye bahati mbaya ana nyaya ndani; *kondoo za umeme* ni bidhaa. Jirani za Deckard wanaamini wa kwanza. Deckard, anayepanda darini kumlisha kondoo wake wa bandia ili wasimgundue, anazijua zote mbili.

Linalopendekezwa hapa ni kwamba upatanisho umfuate mtazamaji. Mfasiri asiuchague kwa kile alichokwisha kujua kutoka kurasa za mwisho. Deckard wa asubuhi ya kwanza, anayezungumzia androidi kama mali ya kampuni, anastahili *i-*. Deckard wa jumba la makumbusho anastahili kuteleza hadi *a-*, pengine katikati ya sentensi. Resch abaki na *i-* yake hadi mwisho. Msimulizi, anapokuwa hana mtazamo wa mhusika yeyote, ana *hu-*, ana vitenzi-jina vya *ku-*, na ana kurudia jina. Tatizo moja linabaki: Dick anaiita kazi ya kuua kwa neno la Kiingereza linalomaanisha kustaafisha. Kwa Kiswahili anayestaafu ni mtu mwenye utumishi na pengine kiinua mgongo. Kulitafsiri moja kwa moja kutawapa androidi heshima ambayo maofisa wale hawakukusudia kuwapa, na ni vigumu kuona kwa nini mfasiri aikatae.

Sura ya mwisho ya riwaya inalirudisha suala kwa chura. Deckard, amechoka, anamwokota jangwani akiamini ni mnyama halisi wa spishi iliyotoweka, na anamleta nyumbani ndani ya boksi. Mkewe, Iran, anamgeuza na kuona kifuniko kidogo tumboni, kilichoficha mitambo. Deckard analala. Iran anapiga simu dukani na kuagiza nzi wa bandia wa kumlishia, kwa kuwa mume wake anamjali. Mfasiri atachagua kati ya *chura wake* na *chura yake*. Wengi wataiona ya pili kuwa ndiyo sahihi kwa mashine. Lakini Kiswahili huutumia upatanisho huohuo wa kumiliki kwa *mama yake*, *ndugu yake*, *rafiki yake*, kisha huweka *a-* kwenye kitenzi kinachofuata. *Chura yake amelala* ni sentensi isiyosema kilichomo chini ya kifuniko.